Raba za Bendisoo na Dawa ya Jirani

Kwa miezi minne bendisoo yangu, yaani msumeno wa mkanda, ilikata miguu ya viti mshazari, na kwa miezi yote hiyo niliilaumu bledi. Nilinunua bledi mpya, kisha nyingine ya bei ya juu zaidi, kisha nikamlaumu fundi aliyeunga ncha zake, kisha nikazilaumu mbao za paini kwamba zimeletwa zikiwa mbichi, na siku ambayo sikuwa tena na cha kulaumu, nikaulaumu umeme. Kila lawama ilikuwa na chembe ya ukweli, kwa sababu umeme wetu hupungua nguvu nyakati za jioni na mbao mbichi huibana bledi kweli, lakini ugonjwa wenyewe ulikuwa umekaa kimya nyuma ya kifuniko cha mashine, mahali ambapo sikuwahi kuchunguza tangu siku niliyoinunua. Raba zilizovishwa kwenye magurudumu yake mawili zilikuwa zimekufa.

Karakana yangu ipo Mafinga. Anayefika hapa kwa barabara kuu itokayo Iringa kwenda Mbeya hukutana na malori ya mbao kabla ya kuuona mji, kwa kuwa shamba la miti la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini, lipo katika wilaya hii ya Mufindi. Tunatengeneza viti, vitanda, madawati na fremu za milango, na mbao tunazotumia zaidi ni za paini, ambazo ni laini kwa patasi lakini zina ulimbo mwingi, na ulimbo huo utaonekana tena mbele katika habari hii. Bendisoo yangu ni ya mtumba: ina magurudumu ya chuma cha kalibu yenye kipenyo cha milimita 400, moja juu na moja chini, na bledi nyembamba isiyo na mwanzo wala mwisho huyazunguka yote mawili. Mota huendesha gurudumu la chini, na la juu hufuata kwa kuvutwa na bledi.

Juu ya ukingo wa kila gurudumu huvishwa ukanda wa mpira, ambao wengine huuita tairi na sisi tunauita raba. Mtu akiutazama haraka atadhani umewekwa ili mashine isipige kelele. Kazi yake ni kubwa zaidi. Raba huishika bledi isiteleze wakati gurudumu linapozunguka. Huyakinga meno, ambayo yamepinda kwa kupishana, moja kushoto na jingine kulia, yasisagwe na chuma na kupoteza mpishano wake. Na katika mashine kama yangu, raba ndiyo inayoifanya bledi ibaki katikati ya gurudumu. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonigharimu, na nitaieleza kwa kirefu, kwa sababu mafundi wengi tunaitumia kila siku bila kujua kwamba ipo.

Ukiitazama kwa ubavu raba iliyo nzima, utaona kwamba haikulala bapa. Ina mgongo: katikati imeinuka kidogo, na kingo zake zimeshuka. Akili ya kawaida husema kwamba mkanda uliowekwa juu ya mgongo utateleza na kuanguka upande mmoja, kama mtu anayetembea juu ya kuta za bwawa la samaki. Mkanda uliokazwa hufanya kinyume chake. Bledi ikihamia upande mmoja, inalala juu ya mteremko, na mteremko huo unaipinda kidogo kuelekea palipo juu. Kwa hiyo kila sehemu mpya ya bledi inayofika kwenye gurudumu hukanyaga karibu zaidi na mgongo kuliko ile iliyotangulia, na baada ya mizunguko michache bledi inajikuta imerudi katikati. Mgongo ukisagika ukawa bapa, hakuna kinachoiita bledi irudi. Ukizidi kusagika na kuwa shimo, basi bledi ina miteremko miwili inayoivuta huku na huku, na fundi anabaki kuizungusha skrubu ya kulilaza gurudumu la juu, leo kushoto, kesho kulia, akiamini kwamba anarekebisha.

Hivyo ndivyo nilivyoishi miezi minne. Dalili zote zilikuwepo. Mashine ilitoa mlio wa kudunda, dundu dundu, kama gari lenye tairi lililovimba, na nikauzoea. Bledi iliruka nje ya gurudumu mara moja kwa wiki, kisha mara mbili. Ubao wa unene wa inchi nne ulitoka ukiwa umepinda kwa ndani, na ilibidi kijana wangu wa kazi aupige randa hadi unene uliotakiwa ukapotea. Kuhusu kiungo cha bledi sikuwa nimemwonea fundi bure kabisa, kwani hapo ndipo mashine hizi zilipokwama tangu mwanzo: Mwingereza William Newberry alipata hataza ya msumeno wa mkanda mwaka 1809, lakini bledi za wakati huo zilikatika kwenye maungio hata mashine ikawa haina faida kubwa, mpaka Mfaransa Anne Paulin Crépin alipobuni namna bora ya kuziunga mwaka 1846. Lakini bledi zangu hazikuwa zinakatikia kwenye kiungo. Zilikuwa zikipasuka katikati ya jino na jino, na hiyo ni alama ya bledi inayopindwa vibaya na magurudumu. Ningeitazama kwa utulivu siku ya kwanza, ningeokoa fedha ya bledi tano.

Siku nilipofungua kifuniko nilikuwa nimezima swichi kuu ya ukutani na kuchomoa plagi, na ninalitaja hili kwa sababu mashine ikiwa wazi mtu huingiza mikono yote miwili. Nililegeza mkazo, nikavaa glavu nzito, nikaitoa bledi na kuikunja. Kisha nikapitisha kidole gumba juu ya raba ya gurudumu la chini. Upande mmoja ulikuwa unang'aa kama kiatu kilichopigwa kiwi, na katikati palikuwa na mfereji ambao ukucha wangu ulizama ndani yake. Kingo zilikuwa zimepasukapasuka kama udongo wa mbuga za Usangu mwezi wa Oktoba. Nikaibonyeza kwa ukucha, nikasubiri alama ya ukucha ipotee kama inavyopotea kwenye mpira ulio hai. Haikupotea kwa sababu haikuingia, raba ilikuwa ngumu kama pembe. Mahali pawili palikuwa na vinundu vyeusi. Nilidhani ni raba iliyovimba, kumbe ni unga wa mbao uliokandwa na ulimbo wa paini hadi ukawa kama jiwe. Hapo ndipo ule mdundo ulipotoka. Gurudumu langu huzunguka karibu mara 800 kwa dakika, na kwa kipenyo chake bledi hupita takriban kilomita moja katika dakika hiyo. Kinundu cha ukubwa wa punje ya mahindi kinaipiga bledi mara 13 kila sekunde, siku nzima.

Mpira huzeeka hata usipofanya kazi. Oksijeni na ozoni ya hewani huukausha, joto huuharakisha, na palipovutika ndipo panapopasuka kwanza, nayo raba ya bendisoo huwa imevutika maisha yake yote. Ukiongeza ulimbo na bledi iliyoachwa imekazwa miezi mitatu mashine ikiwa haifanyi kazi, kama ilivyoachwa ya kwangu na mwenye nayo wa kwanza, hesabu inajulikana. Mtoto wa jirani aliniomba kipande cha ile raba kuukuu ili atengeneze manati. Alikivuta mara moja, kikakatika kama biskuti.

Sasa nije kwenye kosa langu mwenyewe. Nina jirani, seremala mwenzangu, ambaye mwaka uliopita alikuwa na tatizo kama hili kwenye bendisoo yake ndogo ya inchi 14. Yeye alikata mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, akauvisha kwenye magurudumu kwa gundi ya viatu, na mashine ikafanya kazi miezi mingi bila manung'uniko. Nilipomweleza habari zangu alicheka, akasema, "Fundi mwenzangu, unahangaika na nini? Nenda kwa mafundi baiskeli, mambo yote yataisha kabla ya saa sita." Nikaenda. Nikachagua mpira usio na viraka, nikaukata ukanda, nikauvisha vizuri kwa gundi, nikasubiri hadi kesho yake, nikarudisha bledi na kuikaza. Nilipozungusha gurudumu kwa mkono bledi ilitembea taratibu kuelekea ukingoni na kuanguka. Nikalilaza gurudumu la juu upande mwingine. Ikaangukia upande mwingine. Nilifanya hivyo hadi jua lilipozama na karakana ikajaa baridi, na kijana wangu, ambaye ana adabu, hakusema neno.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa jirani na kumwomba anifungulie mashine yake niitazame. Nilibandua ncha ya ule mpira wa baiskeli, nikaweka rula juu ya chuma chenyewe. Rula ilicheza. Gurudumu lake lina mgongo kwenye chuma, limechongwa hivyo tangu kiwandani, kwa hiyo chochote chembamba utakachokivisha juu yake, hata mpira wa baiskeli, kitafuata umbo la chuma na mgongo utabaki. Gurudumu langu ni bapa kabisa. Kwangu mgongo wote ulikuwa kwenye raba nene iliyokufa, nami niliubandua na kuutupa, kisha nikavisha kitu bapa juu ya kitu bapa. Jirani yangu alinipa dawa iliyomponya kweli. Mimi sikumwuliza alikuwa anaumwa nini.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, weka rula iliyonyooka juu ya ukingo wa gurudumu, ukiwa umeondoa raba na gundi yote. Ikicheza, chuma kina mgongo, na unahitaji raba bapa nyembamba. Ikilala, mgongo utatoka kwenye raba yenyewe, na unahitaji raba nene ambayo ama ina mgongo tayari au utaichonga wewe.

Hapo hapo pima kipenyo, na upime chuma, si raba. Mimi nilipiga simu Dar es Salaam nikasema ninataka raba za inchi 16, kwa kuwa mwenye kuniuzia mashine aliniambia ni ya inchi 16, na raba zikafika kwa basi siku ya pili. Inchi 16 ni milimita 406. Tofauti ya milimita sita inaonekana ndogo hadi uizungushe kwenye duara, ambapo inakuwa karibu milimita 19, na raba ambayo inatakiwa kuwa ndogo kuliko gurudumu ili ivutike na kubana ikawa inaning'inia kama soksi iliyolegea. Nilizirudisha kwa basi lilelile, na kwa haki aliyelipa nauli ni mimi, maana muuzaji aliniletea nilichotaja.

Wakati ninasubiri nyingine niliyatoa magurudumu. La juu lilitoka bila shida. La chini lilikataa, nami nikaongeza bomba kwenye spana ili nipate nguvu, kijana akaning'inia kwenye bomba, na nati haikusogea hata kidogo. Mzee mmoja fundi mitambo, aliyestaafu kazi za viwandani na ambaye hupita kwangu kuchukua maranda ya kuku wake, alisimama mlangoni akatutazama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mnakaza au mnafungua?"

"Tunafungua, mzee, imeshika kutu."

"Haijashika kutu, mwanangu. Geuza upande wa pili."

Nati ya gurudumu la chini katika mashine yangu ina nyuzi za kushoto, ili mzunguko wa gurudumu usiifungue yenyewe. Ilifunguka kwa mkono mmoja. Mzee alichukua gunia lake la maranda na kwenda zake, akiwa na heshima yake yote na mimi nikiwa na bomba langu. Si kila mashine ina nyuzi za namna hiyo, lakini kabla ya kuongeza bomba kwenye spana ni vyema kutazama uzi unaochomoza mwishoni mwa ekseli umepandia upande gani.

Nyuma ya kila gurudumu utakuta washa, yaani vipete bapa vya chuma, wakati mwingine moja, wakati mwingine tatu za unene tofauti. Hazikuwekwa kwa bahati. Ndizo zinazofanya magurudumu mawili yasimame kwenye mstari mmoja, na ukizichanganya utapata ugonjwa mpya baada ya kuponya wa kwanza. Mimi niliziweka kwenye maganda mawili ya kiberiti, moja limeandikwa JUU na jingine CHINI.

Kusafisha chuma ndiko kulikochukua muda mrefu kuliko kazi zote, na hakuna njia ya mkato. Gundi ya zamani nililainisha kwa thina, mlango na madirisha yakiwa wazi na jiko la mkaa likiwa mbali, kisha nikakwangua kwa patasi butu hadi chuma kikang'aa. Mabaki ya gundi yenye unene wa karatasi tatu huwa kinundu chini ya raba mpya. Mafuta ya taa sikuyatumia kwa sababu huacha utelezi ambao gundi mpya haiupendi.

Raba zilizofika mara ya pili zilikuwa duara kamili zisizo na kiungo, bapa, za unene wa milimita sita. Nilipaka gundi ya viatu kwenye chuma na ndani ya raba, nikaiacha hadi ikawa hainati sana kidoleni, kisha tukaivisha: nikaibana sehemu moja kwa klampu, kijana akashika upande mmoja na mimi upande mwingine, tukaivuta kutoka pale penye klampu kwenda pande zote mbili hadi tukakutana upande wa pili. Ikishaingia, raba huwa imevutika sana mahali pamoja na kulegea pengine, na hili halionekani kwa macho. Nilipenyeza nondo laini ya mviringo, unene wa kidole, kati ya raba na chuma kabla gundi haijashika, nikaizungusha kwenye gurudumu lote mara tatu. Unaisikia mkononi: pale palipokazwa inakuwa nzito, palipolegea inateleza, na kila mzunguko tofauti hupungua hadi uzito unakuwa mmoja kote. Ni sehemu niliyoifurahia kuliko zote. Baada ya hapo niliyaacha magurudumu hadi kesho yake jioni, kwani Julai ya Mafinga gundi haikauki kwa haraka ya Pwani.

Kisha mgongo. Nilirudisha gurudumu la chini peke yake, bila bledi, nikafunga kipande cha ubao mbele yake kama meza, nikawasha mota na kusogeza kibao chenye msasa namba 80 taratibu, kwanza bapa hadi raba ikawa duara la kweli, halafu kwa kuinamisha kidogo upande wa kushoto, na kidogo upande wa kulia, na kumalizia kwa namba 120. Nilichora mstari wa kalamu ya wino katikati na kujiwekea sharti kwamba msasa usiufute. Kingo zilishuka chini ya milimita moja, na zaidi ya hapo haihitajiki. Mgongo mkubwa huilazimisha bledi kusimama juu ya ncha na kuitikisa. Mikono ya shati niliikunja, miwani nilivaa, na kitambaa nilifunga puani, kwa kuwa vumbi la mpira ni baya. Gurudumu la juu halina mota, kwa hiyo kijana alilizungusha kwa mkono likiwa kwenye ekseli yake, akiimba, na kazi ya dakika kumi ikawa saa nzima.

Mwezi mmoja baadaye jirani naye aliamua kuachana na mpira wa baiskeli, akaagiza raba za yurethani, zile za rangi ya machungwa. Kwake kazi ilikwisha kwa nusu saa. Tulizilowesha kwenye sufuria la maji ya moto juu ya jiko, zikalainika, tukazivisha bila gundi yoyote, na zilipopoa zikabana. Huku kwetu juu, zaidi ya mita 1,800, maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 95, lakini joto hilo linatosha na kubaki. Nilimwonea wivu kidogo.

Nilirudisha washa kutoka kwenye maganda ya kiberiti, nikaweka ubao ulionyooka kwenye magurudumu yote mawili kuhakikisha yamesimama mstari mmoja, nikarudisha ile ile bledi niliyokuwa nimeitukana na kuikaza. Kwa mkono, gurudumu la juu likizunguka polepole, bledi ilianza upande wa nyuma, ikasogea, ikasogea tena, ikafika katikati ya mgongo na kutulia. Niliiondoa kwa makusudi kwa kulilaza gurudumu, nikarudisha skrubu, nayo ikarudi. Ndipo niliposogeza beringi za pembeni, zile zinazoiongoza bledi, hadi ikabaki nafasi ya unene wa karatasi kila upande, na beringi ya nyuma iwe karibu kuigusa bledi bila kuigusa mpaka ubao usukumwe. Ubao wa kwanza wa inchi nne ulitoka umenyooka. Kijana aliupima kwa guni pande zote nne, akanitazama, akaenda kuleta mwingine.

Siku hizi kuna brashi ya waya laini niliyoifunga ndani ya kifuniko cha chini, iguse raba na kuondoa unga kabla haujakutana na ulimbo, na kila Jumamosi jioni ninalegeza mkazo kwa mizunguko mitatu ya mpini. Jumatatu moja kijana aliwasha mashine bila kuukaza, bledi ikajikunja ndani ya kifuniko kwa kishindo kilichomfanya jirani aje mbio. Hakuumia. Tangu siku hiyo ninapolegeza mkazo ninatundika kwenye swichi kipande cha plaiwudi chenye tundu, kimeandikwa kwa rangi nyekundu: IMELEGEZWA, KAZA KWANZA.